Uchachu Ulioficha Sumu ya Mhogo

Siku yangu ya kwanza kazini niliosha chupa tangu asubuhi hadi jioni. Nilikuwa nimeripoti kwenye maabara ya hospitali mjini Homa Bay nikiwa na vyeti ndani ya bahasha na koti jeupe nililoshonewa na mama yangu kule kwetu Rangwe. Msimamizi wa maabara, mzee mfupi aliyekuwa karibu kustaafu, hakuvitazama vyeti vyangu. Alinipeleka moja kwa moja kwenye sinki.

"Nyar Rangwe," aliniita, yaani binti wa Rangwe, na jina hilo likaniganda mpaka nilipohama. "Osha hizi zote. Ukimaliza uniambie ni ngapi zilikuwa tayari safi kabla hujazigusa."

Jioni nilimwambia nimemaliza. Akauliza ile hesabu yake. Nikamjibu kuwa sijui, maana niliziosha zote bila kuzitazama.

"Basi kesho tazama kwanza," akasema, akachukua kofia yake akaenda zake.

Nilidhani ananisumbua kwa sababu mimi ni mgeni. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa ananifundisha kazi yenyewe. Fundi wa maabara halipwi kwa kuosha wala kwa kupima tu. Analipwa kwa kutazama. Chini ya mzee yule nilijifunza kusoma damu na makohozi kwenye darubini, kuandika kwa wino usiofutika, na kukata kosa kwa mstari mmoja ili anayekuja baadaye aone ulichokuwa umeandika. Alipostaafu nilikuwa naweza kufanya zamu nzima peke yangu, na nikaanza kuona damu inanichosha.

Ndipo nikaomba uhamisho. Nilipelekwa Migori, kwenye kituo kidogo cha kuchunguza vyakula. Mkuu wa Kituo alikuwa mkemia mwenye shahada ya udaktari, mtu mrefu, mpole wa sauti, aliyependa faili zake zipangwe kwa herufi. Sisi sote tulimwita Daktari, naye aliniita Madam Peres hata tulipokuwa wawili tu. Mwaka nilioingia, chuo kimoja kikuu kilikuwa kinabadilisha vifaa vyake, kikatupatia mashine yake ya zamani ya kutenganisha kemikali kwa umeme. Wafagizi waliiita mashine ya unywele, na sioni jina linaloifaa zaidi.

Vijana wa siku hizi mnaoletewa mashine zinazojiosha zenyewe, acheni niwaeleze ile yetu ilivyofanya kazi. Ndani yake mlikuwa na mrija wa kioo mwembamba kama unywele, mrefu kidogo kuliko mkono wa mtu. Huo ndio kapilari. Unaujaza bafa, yaani maji yenye chumvi maalumu yanayoshikilia kiwango cha uchachu kisipande wala kushuka. Unaingiza tone la sampuli dogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuliona, halafu unapitisha umeme wa volti zaidi ya elfu ishirini kutoka ncha moja hadi nyingine. Vitu vyenye chaji ya umeme huanza kukimbia humo ndani, kila kimoja kwa mwendo wake. Karibu na mwisho kuna taa ya miale ya urujuanimno, ile isiyoonekana kwa macho. Kitu kikipita mbele ya taa hukata mwanga, na kompyuta huchora kilima kwenye karatasi. Kilima hicho tulikiita kilele. Dakika ambayo kilitokea hukuambia ni kitu gani, na ukubwa wake hukuambia ni kiasi gani.

Ilikuwa kazi ya subira. Kila asubuhi kapilari ilioshwa kwa soda kali, kisha maji, kisha bafa. Kiputo kimoja cha hewa kikiingia, umeme unakatika, nawe unaanza upya. Daktari alikuwa na msemo wake: "Madam Peres, mashine hii haina haraka, na wewe usiwe nayo." Niliipenda. Nilikaa mbele yake kama wengine wanavyokaa mbele ya redio.

Sehemu kubwa ya kazi yetu ilikuwa mihogo. Ndani ya mhogo mna kitu kiitwacho linamarini, na mihogo michungu inacho kingi zaidi. Ukikata au kuponda mhogo, linamarini hukutana na kimeng'enya, yaani protini ya mmea wenyewe inayoharakisha mambo, na huvunjwa. Huvunjika kwa hatua mbili. Hatua ya kwanza sukari inajitenga, na kinabaki kitu chenye jina refu ambacho hapa nitakiita cha katikati. Hatua ya pili, hicho cha katikati nacho kinavunjika, na hapo ndipo sianidi inapotoka. Sianidi ni sumu kali, ila hupaa kwenye hewa ikipewa nafasi. Wazee wetu, Waluo kwa Wakuria, waliijua dawa yake bila kuijua kemia. Waliifunika mihogo iliyomenywa siku kadhaa ichache, wakaikwangua ukungu, wakaiponda, wakaianika juani mpaka ikakauka kabisa, ndipo wakaisaga.

Taa yetu haikuweza kuiona sianidi vizuri ikiwa peke yake. Tulikuwa tunaifunga na madini ya nikeli kwanza, na ikishafungwa inatoa kilele kizuri, chembamba, kisichobishaniwa.

Ukaja mwaka wa ukame. Mahindi yalikauka mashambani, na mhogo ukawa chakula cha asubuhi na cha jioni. Mhogo unaokosa mvua huzidi kuwa mchungu, na watu wenye njaa hawangoji siku kadhaa. Familia moja ya Isebania, kule mpakani, ilitapika na kushikwa na kizunguzungu baada ya kula ugali wa mhogo. Unga walikuwa wameununua sokoni kwa mama mmoja Mkuria aitwaye Bhoke. Afisa wa afya ya umma akayafungia magunia yake na kutuletea sampuli.

Mwongozo wetu ulisema hivi: changanya unga na asidi ili mmenyuko, yaani kule kuvunjika, usimame pale pale, kisha pitisha hewa kwa pampu ndogo, hewa iibebe sianidi hadi kwenye kichupa chenye nikeli. Nilifuata kila mstari. Kilele kilitoka kidogo sana, cha kuruhusiwa. Nilirudia, kikatoka vile vile. Niliandika matokeo, nikatia sahihi, Daktari akatia yake chini yangu.

Bhoke alikuja mwenyewe kuchukua barua. Alikuwa mwanamke wa makamo, mikono mikubwa, leso imefungwa kiunoni. Aliigeuza barua mara mbili.

"Dada, mimi kusoma si sana," aliniambia. "Huo unga nakula pia na watoto yangu. Nionyeshe mahali imeandikwa."

Niliweka kidole juu ya mstari. "Hapa. Imeandikwa unafaa kuliwa."

Aliutazama mstari ule kwa muda, akaikunja barua, akaiweka kifuani. Alinishukuru kwa kunishika mkono kwa mikono yake miwili.

Wiki kadhaa zikapita. Kisha simu ikapigwa kutoka hospitali ya Homa Bay, pale pale nilipoanzia kazi. Daktari wa watoto alitaka kujua kama tumewahi kupima unga wa mhogo kutoka Isebania. Alikuwa na msichana wa miaka minane anayeitwa Robi. Asubuhi moja alitoka kitandani, miguu ikakataa kumbeba. Hakuwa na homa, hakuwa ameanguka. Daktari yule aliwahi kusoma juu ya ugonjwa wa miguu unaowapata watu waliokula mihogo michungu siku nyingi mfululizo bila chakula kingine cha maana, na hofu yake ilikuwa huo.

Nilipouliza jina la mama, nilikuwa tayari nalijua.

Nilikwenda. Sikuwa nimetumwa na mtu. Nilimkuta Bhoke kwenye benchi nje ya wodi, na mtoto ndani amelala, miguu imenyooka na kukakamaa kama ya mtu aliyesimama kwa ncha za vidole. Nilisalimu.

"Tulikula kila siku," Bhoke alisema kwa sauti ya chini, ile barua mkononi. "Mvua ilikataa, hakuna mboga, hakuna dagaa. Majirani waliogopa unga yangu. Mimi nikawaambia, hapana, serikali imepima. Nikapikia wangu ndio waone. Uliweka kidole hapa, dada. Ulisema nisome hapa."

Nilikaa naye kwenye benchi ile mpaka muuguzi alipotuambia muda wa kuona wagonjwa umekwisha. Niliporudi Migori sikwenda nyumbani. Nilipitia kituoni, nikafungua friji. Vichupa vya mchanganyiko wa unga wa Bhoke na asidi vilikuwa bado vipo, na jina lake kwa mwandiko wangu.

Kwa siku tatu nilipima upya na kupata kilele kile kile kidogo. Daktari alinihurumia. "Madam Peres, labda mtoto alikula unga mwingine," aliniambia. "Hatuwezi kujua kila kinachoingia kwenye sufuria ya mtu."

Huenda ningekubali, kama pampu haingekufa. Siku ya nne pampu ya hewa iligoma kabisa, na fundi wake alikuwa Kisumu. Kwa kukosa la kufanya nilichukua tone la ule mchanganyiko wa asidi, nikalitia moja kwa moja kwenye kichupa chenye nikeli na bafa isiyo chachu, nikakiweka kwenye mashine. Sikutegemea kitu. Kikatoka kilele kikubwa kuliko vyote nilivyokuwa nimeviona wiki ile.

Nilidhani ni uchafu. Niliosha kapilari, nikaingiza tone jingine kutoka kichupa kile kile. Kilele kikawa kikubwa zaidi. Nikangoja dakika kumi, nikarudia. Kikawa kimepanda tena. Hakuna mtu aliyeongeza chochote ndani ya kichupa kile. Kilikuwa mbele yangu, kimefunikwa. Nikavuta kiti karibu, nikaanza kuandika saa na ukubwa wa kila kilele kwenye daftari. Kilipanda kwa kasi mwanzoni, kisha polepole, mwishowe kikatulia.

Nilimpelekea Daktari karatasi zote. Alizipitia akiwa amesimama.

"Uchafu," akasema.

"Daktari, uchafu haukui kwa mpangilio."

Alinitazama, akazitazama tena, akaketi. Akachukua kalamu na rula. Alichora logi ya kiasi kilichobakia hakijavunjika upande mmoja, na dakika upande wa pili. Nukta zikajipanga kwenye mstari ulionyooka. Wanakemia wanaujua mstari huo. Ni mmenyuko wa daraja la kwanza: kila kipindi fulani kikipita, nusu ya kilichobaki imeondoka, na kipindi hicho tunakiita nusumaisha. Kitu fulani ndani ya unga wa Bhoke kilikuwa kinavunjika taratibu na kutoa sianidi, mbele ya macho yetu.

"Cha katikati," Daktari alisema, karibu kwa kunong'ona.

Hapo tuliona kosa letu. Mihogo ya unga ule bila shaka ilichacha siku moja tu badala ya siku kadhaa, ikasagwa ikiwa na unyevu. Kimeng'enya kilikuwa kimeshafanya hatua ya kwanza, lakini uchachu ulizuia hatua ya pili. Cha katikati kikakaa humo kimetulia. Nasi tukaja na mwongozo wetu, tukaongeza asidi, tukakifungia zaidi, halafu tukapima sianidi iliyo huru peke yake na kusema hakuna hatari. Tumboni mwa mtu mambo ni mengine. Chakula kikishavuka tumbo na kufika kwenye utumbo, mahali pasipo na uchachu, kile kitu huvunjika, na sumu inatokea ndani ya mwili.

Wiki mbili zilizofuata sijawahi kufanya kazi kama hiyo, kabla wala baada. Niliandaa bafa za uchachu mbalimbali, kutoka ile kali kama ndimu hadi isiyo chachu kabisa, na katika kila moja nikafuatilia kilele kikipanda. Kwenye uchachu wa ndimu, tangu asubuhi hadi jioni hakikusogea kwa kiasi cha maana. Kwenye bafa isiyo chachu, nusumaisha yake ilikuwa fupi kuliko muda wa kuchemsha na kunywa chai. Nilipopasha moto kidogo, kiasi cha jua la mchana, kasi iliongezeka. Kisha nikachukua unga wenyewe, nikaulowesha, nikautandaza kwenye sinia kwa unene wa kucha na kuuweka juani, nikichota kidogo kila baada ya muda. Sumu ilishuka na kushuka. Ule uliobaki kwenye mfuko wa sampuli haukubadilika.

Ikabaki barua. Ilibidi barua ya kwanza ifutwe, na maabara nyingine zinazotumia mwongozo ule ziarifiwe. Daktari alifunga mlango wa ofisi.

"Barua ya kujikosoa haijawahi kutoka kituo hiki," alisema. "Ikitoka, kesho mfanyabiashara yeyote tuliyemfungia mali atasema tulikosea kwake pia. Nani atatuamini?"

"Yule tuliyemwambia ale alituamini, Daktari."

"Unajua itakugharimu nini?"

"Sahihi ya kwanza ni yangu. Nitaandika mimi. Usipotia yako nitapeleka na moja."

Hakukasirika. Aliniomba nimwachie vichupa na daftari. Kesho yake asubuhi nilimkuta mbele ya mashine, amevaa koti la maabara ambalo sikuwahi kumwona nalo, anaosha kapilari kwa mikono yake. Alikaa pale mpaka saa nane mchana akirudia kipimo tangu mwanzo. Kisha akaja mezani kwangu na barua niliyoiandika, sahihi yake ikiwa juu ya yangu safari hii.

Makao makuu walituandikia maneno makali. Jina langu liliondolewa kwenye orodha ya kupandishwa cheo mwaka ule, na halikurudi tena. Daktari alihamishiwa ofisi isiyo na maabara, na siku ya kuondoka alinishika mkono akasema hajutii. Nilimwamini. Mwongozo ulibadilishwa, ingawa kwa mwendo wa serikali.

Kwenda Isebania ndiko kulikokuwa kugumu. Robi alikuwa ametoka hospitalini, akitembea kwa fimbo mbili, visigino havigusi chini. Daktari wa watoto alinieleza waziwazi kwamba miguu ile haitazidi kuharibika, lakini pia haitarudi kama zamani. Mara ya kwanza Bhoke alinifungia mlango. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alinikuta nje nikiwa na sinia na kifuko cha unga, nikijaribu kuwaeleza wanawake wa jirani kwa Kiswahili changu cha ofisini. Alisimama akisikiliza, mikono kiunoni.

"Wewe kaa chini," aliniambia. "Nitasema mimi. Lugha yao huna, na wewe ndiye ulikosea."

Nikakaa. Akawaeleza kwa Kikuria kwa muda mrefu, akionyesha sinia, akionyesha jua, akimwonyesha Robi aliyekuwa amekaa mlangoni. Niliyaelewa machache tu, lakini niliona nyuso zao. Halafu akalowesha unga, akautandaza kwa kiganja hadi ukawa mwembamba, sawasawa kuliko nilivyowahi kufanya mimi maabarani. Wale wanawake wakaujaribu mmoja baada ya mwingine. Tulirudi na sinia hilo katika masoko mengi mwaka ule, mimi na yeye, na kila mahali yeye ndiye aliyesema.

Sasa nimestaafu, niko Rangwe. Mashine ya unywele ilikufa kabla yangu, na sijui walikoipeleka. Siku ya kuniaga, Mkuu wa Kituo mpya aliniomba niwaambie wafanyakazi wapya mafanikio yangu. Niliwaeleza habari za unga wa Bhoke, na wengine wakaangalia chini kwa aibu kwa niaba yangu. Sikuwalaumu. Katika kazi yetu tunazoea kuhadithia vipimo vilivyotoka vizuri.

Nikiwa peke yangu nafikiri sana juu ya kile kilele cha kwanza, kile kidogo. Hakikuwa cha uongo. Mashine ilijibu kwa ukweli swali tulilouliza, kwamba ndani ya unga ule kuna sianidi huru kiasi gani. Swali ndilo lililokuwa pungufu. Mama aliyesimama mbele yangu alikuwa anauliza jambo jingine kabisa, kama watoto wake wakila watakuwa wazima, nami nikamjibu kwa kipimo kisichojua habari za tumbo la mtu. Hilo ndilo ningependa vijana wanaoshika kazi hii walibebe. Kabla hujatia sahihi, jiulize umepima kile mtu anachotaka kujua, au kile ambacho kifaa chako kinaweza kupima.

Robi amekua. Ana cherehani yake karibu na stendi ya Isebania, na wateja wanaongoja zamu. Mimi huwa nakwenda kuwatembelea kila nikipata nafasi. Bhoke hajawahi kuniambia kwamba amenisamehe, nami sijawahi kumuuliza. Nikifika, huingia ndani akatoa kiti, akakifuta kwa leso yake, akaniwekea.